Kilichobanwa ni Usiku: Kisa cha Kozi ya Anatomia na Fiziolojia ya Wiki 6

Alinijia Jumanne ya wiki ya pili, baada ya maabara, mkononi ana karatasi ya mtihani wake wa kwanza, kaikunja mara nne. Alama 54 kati ya 100. "Mwalimu, nilisoma," aliniambia, na kabla sijajibu akafungua daftari anionyeshe. Lilikuwa daftari zuri kweli. Kila sura ya kitabu ameifupisha kwa mkono wake, vichwa vya habari kwa wino mwekundu, istilahi kwa bluu, na mistari ya manjano juu ya kila kilichoonekana muhimu. Sikuwa na shaka hata kidogo kwamba alisoma. Nilimwomba alifunge, nikampa karatasi tupu, nikamwambia anichoree utando wa seli na anieleze sodiamu na potasiamu zinavyouvuka.

Alichora duara. Akaandika "utando". Kisha kalamu ikasimama, dakika mbili nzima. Mwishowe akasema, "Nikikiona nakijua."

Maneno hayo nimeyasikia kwa wanafunzi wengi wa anatomia, na karibu kila mara ndiyo yanayoeleza alama zao. Nilikuwa msaidizi wa maabara katika kozi hiyo, na nimeomba ridhaa yake kabla ya kusimulia haya. Jina lake nimeliacha. Nasimulia kwa kirefu kwa sababu kila kiangazi nawaona watu wenye akili na bidii wakizama katika kozi hizi fupi, na wanazama mahali pale pale.

Kozi yenyewe ilikuwa sehemu ya kwanza ya anatomia na fiziolojia: seli, tishu, ngozi, mifupa, viungo, misuli na mfumo wa neva. Katika muhula wa kawaida huchukua wiki 15, saa 3 za mihadhara na saa 3 za maabara kila wiki, jumla saa 90. Kiangazi saa hizo hizo 90 zilipangwa ndani ya wiki 6, siku 4 kwa wiki, karibu saa 4 kila siku. Kwa hiyo siku moja ya darasa ilibeba zaidi ya nusu ya wiki ya kawaida. Aliyeugua Jumatatu na Jumanne alikuwa amekosa zaidi ya wiki nzima.

Wengi huishia kwenye hesabu hiyo. Wanaona saa ziko zile zile ila zimesogeleana, kwa hiyo wanajiambia watakaza buti. Mimi nadhani hesabu inayofaa ni nyingine. Wiki 15 zina usiku 105. Wiki 6 zina 42. Saa za darasa hazikupungua hata moja; kilichobanwa ni nafasi iliyo kati ya saa hizo, ule muda ambao mtu hulala, husahau kidogo, kisha hulazimika kukumbuka tena.

Nafasi hiyo ina kazi yake. Hermann Ebbinghaus, mtaalamu wa saikolojia wa Ujerumani aliyejipima kumbukumbu yeye mwenyewe kwa silabi zisizo na maana, alionyesha mwaka 1885 kwamba tunapoteza sehemu kubwa ya tulichokariri ndani ya saa na siku za mwanzo, halafu upotevu unapungua kasi. Alionyesha pia kwamba marudio yaliyotawanywa katika siku kadhaa hufanya kazi vizuri kuliko marudio yaliyorundikwa mahali pamoja. Katika muhula mrefu kalenda hukutawanyia marudio bila wewe kuomba: jina la mfupa ulilolisahau linakurudia kwenye jaribio la wiki ijayo, kisha kwenye maabara ya misuli mwezi mmoja baadaye. Katika kozi ya wiki 6 kalenda haikusaidii. Usipoyatawanya marudio wewe, hayatawanyiki.

Sasa rudi kwenye lile daftari. Alikuwa akisoma sura, akiifupisha, kisha akiurudia muhtasari mara tatu au nne usiku wa kuamkia mtihani. Kila aliporudia, maneno yalizidi kuwa mepesi machoni, naye akauchukua wepesi huo kuwa ni kujua. Mwaka 2006 wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha majaribio yanayogusa jambo hili hasa. Kundi moja la wanafunzi lilisoma kifungu kisha likakisoma tena. Jingine lilisoma mara moja kisha likaandika kila lilichokikumbuka bila kutazama. Baada ya dakika 5 waliosoma tena walikuwa mbele, asilimia 81 dhidi ya 75. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka asilimia 56, waliosoma tena 42. Nilimwonyesha namba hizo, akazitazama muda mrefu. Nadhani kilichomuuma ni kwamba hakuwa mvivu. Njia yake ilikuwa inamlipa kwa dakika 5 tu.

Kabla ya kuzungumzia namna ya kusoma ilibidi tuzungumzie kama aendelee au la. Siku ya mwisho ya kujiondoa bila kuandikiwa alama ilikuwa Ijumaa ya wiki ile ile. Kozi ikifupishwa, tarehe zake zote hufupishwa nayo, na mlango wa kutokea hufungwa wakati mtu bado anajiuliza kama amekwama kweli au amechelewa kidogo tu.

Tulichukua kalamu. Alihitaji jumla ya 75 ili aombe nafasi ya masomo ya uuguzi. Mtihani ule ulibeba asilimia 10 ya alama zote, kwa hiyo alikuwa amepata 5.4 na kupoteza 4.6. Mitihani mingine mitatu ilikuwa na asilimia 10 kila mmoja, mitihani miwili ya vitendo 15 kila mmoja, majaribio madogo 10, na mtihani wa mwisho 20. Katika alama 90 zilizobaki alihitaji 69.6, sawa na wastani wa kama 77 kwa kila 100. Kwa aliyetoka kupata 54 hiyo si kazi ndogo, lakini inafikika. Aliingia akiamini kwamba ameshafeli, akatoka akijua namba anayoitafuta. Namsihi kila aliye katika hali yake aifanye hesabu hii siku ile ile anayopata alama mbaya, kwa sababu hofu haina namba na kwa hiyo haina mwisho.

Likabaki suala la kazi. Alikuwa akifanya kazi saa 30 kwa wiki. Ukiweka darasa saa 15 na kujisomea angalau 15 nyingine, unafika 60, na kwenye karatasi wiki yenye saa 168 inatosha. Yeye alikuwa anaitoshelezesha kwa kukata usingizi. Usiku wa kuamkia mtihani wa kwanza alilala saa 4. Usingizi ndio wakati ubongo unapoimarisha kilichoingia mchana. Kozi imeshakunyang'anya usiku 63, na wewe unaongeza kukata hizo 42 zilizobaki! Aliomba zamu zipunguzwe hadi saa 16 mpaka kozi iishe, akakubaliwa. Si kila mtu ana mwajiri wa namna hiyo wala akiba ya kumvusha. Asiyeweza kupunguza chochote namshauri kwa moyo wote asubiri muhula mrefu, na asione kwamba ameshindwa.

Halafu nikakosea mimi. Nilimshauri atengeneze kadi za maswali kwa kila kitu, swali upande mmoja na jibu upande wa pili. Alinisikiliza mno. Jumapili alikuwa na kadi zaidi ya 300, na saa nyingi za kujisomea wiki ile zilikwisha katika kuziandika. Mtihani wa pili, wa ngozi na mifupa, ulikuwa na swali hili: kiwango cha kalsiamu katika damu kimeshuka, eleza kinachofuata. Alikuwa na kadi ya homoni ya paradundumio, kadi ya osteoklasti (seli zinazovunja mfupa), na kadi ya vitamini D. Akaandika maana tatu sahihi katika mistari mitatu, na hazikukutana popote.

Jibu lenyewe ni mwendo. Kalsiamu ikishuka, tezi za paradundumio, ambazo kwa kawaida ni 4 nyuma ya dundumio, ile tezi ya shingoni, hutoa homoni yake. Homoni hiyo husababisha osteoklasti zivunje mfupa kidogo ili kalsiamu iingie damuni, huzifanya figo ziishikilie isitoke na mkojo, na huzifanya zikamilishe vitamini D, ambayo nayo huufanya utumbo unyonye kalsiamu zaidi ya chakula. Kiwango kikirudi, tezi hutulia. Hilo ni duara, na nilikuwa nimemfundisha kulikata vipande. Alipata 71.

Kuanzia hapo tukakubaliana kwamba ndani ya kozi ile moja kuna masomo mawili yanayotaka kusomwa kwa njia mbili. Kadi zilibaki kwa majina na mahali yalipo. Kila kilicho na "kisha" ndani yake kilichorwa.

Kwa majina, kilichomsaidia kuliko kadi zenyewe ni kuzijua sehemu za maneno. Istilahi za anatomia zimejengwa kwa Kigiriki na Kilatini, na vipande vyake vinajirudia. Osteo ni mfupa, kondro ni gegedu, mio ni misuli, sarko ni nyama. Chenye "blasti" mwishoni kinajenga, chenye "klasti" kinavunja. Ukishajua hayo, osteoblasti na osteoklasti hazichanganyiki tena, na kondroblasti hukukariri kabisa; umeielewa ulipoiona. Sternokleidomastoidi linaonekana jina la kutisha hadi utambue kwamba ni ramani: msuli unaoanzia kwenye kidari na mtulinga, ukaishia kwenye nundu ya mfupa nyuma ya sikio. Nilimhimiza pia aanze na majina aliyokua nayo. Aliyeushika mtulinga wake kwa kidole akajua uko wapi, klavikula kwake ni jina la pili la jirani anayemfahamu.

Mtihani wa kwanza wa vitendo ulikuwa Alhamisi ya wiki ya tatu. Asiyewahi kuufanya hajui unavyobana: unatembea kutoka kituo hadi kituo, kila kituo dakika 1, mezani kuna mfupa wenye kibandiko na swali, hiki ni nini, na ni cha upande gani. Yeye alikuwa amejifunza mifupa kwenye picha za kitabu, ambazo karibu zote zinaonyesha mfupa ukiwa wima, mbele ukikutazama. Mfupa uliolala mezani hauna adabu hiyo. Nilipomwekea femuri, mfupa wa paja, ubavu hakuitambua kuwa ya kulia au ya kushoto.

Basi tukatumia alasiri tatu za maabara ya wazi. Nilimwambia aiweke kwenye paja lake mwenyewe: kichwa chake cha mviringo lazima kielekee ndani, kwenye nyonga, na ule mstari wenye mparuzo ukae nyuma. Kwa mguu mmoja inawezekana, kwa mwingine haiwezekani, na mwili unakujibu wenyewe. Alipiga picha za mifupa ile ile ya maabara ile ile, kwa sababu mtihani hauji na mifupa ya kitabuni, na akawa anajiuliza jina kabla ya kulitazama. Alipata 78. Alama alizopoteza zilikuwa nyingi kwenye mifupa 8 ya kifundo cha mkono, ambayo alikuwa ameiacha mwisho kabisa, na chache kwenye tahajia. Tahajia inauma kwa sababu unajua jibu na bado hulipati. Alianza kuandika majina kwa mkono badala ya kuyataja tu.

Alijaribu pia kundi la wanafunzi wanne. Baada ya vikao viwili akaliacha, kwa kuwa vilikuwa vya kulalamika zaidi ya kuulizana.

Kilichobadilisha kila kitu, kwa maoni yangu, ni karatasi tupu. Kila jioni, kabla ya kugusa somo jipya, alikaa dakika 30 na karatasi isiyo na kitu. Aliandika na kuchora alichokumbuka cha jana, kisha cha siku 3 zilizopita, kisha cha wiki iliyopita. Akimaliza ndipo anafungua kitabu na kusahihisha kwa kalamu nyekundu. Siku za mwanzo karatasi ilirudi nyekundu tupu, na alinipigia simu mara mbili akisema afadhali arudi kwenye daftari lake. Nilimwelewa. Kusoma tena kunatuliza, kujipima kunaumiza, na jioni ukiwa umechoka unachagua kinachotuliza. Nilichomwomba ni wiki moja tu.

Wiki ya misuli ndiyo iliyonithibitishia kwamba anakwenda. Mnyweo wa msuli una hatua nyingi, na kila moja ina jina baya. Badala ya kuzikariri, alizichora kama tukio: ishara ya neva inafika, kalsiamu inamwagika kutoka ghala lake ndani ya seli ya msuli, inashika protini iitwayo troponini, troponini inaisogeza protini nyingine, tropomiosini, iliyokuwa imefunika njia, vichwa vya nyuzi za miosini vinazishika nyuzi za aktini na kuzivuta. Nikamuuliza, ATP, ile molekuli inayoipa seli nishati, inahitajika kwa nini? Akajibu kama wanavyojibu karibu wote: kwa kuvuta. Nikamuuliza tena, basi kwa nini maiti hukakamaa, ilhali haina ATP mpya ya kuvutia?

Alinyamaza, akarudi kwenye mchoro wake, akaufuatisha kwa kidole. Kisha akasema polepole kwamba labda vichwa vimeshika na haviwezi kuachia. Ndivyo. Kichwa cha miosini huachia aktini pale tu ATP mpya inapokishika. Seli iliyokufa haiitengenezi, kwa hiyo misuli hubaki imejifunga hadi protini zenyewe zianze kuharibika. Sikumwambia mimi. Alilisoma jibu kwenye karatasi aliyoichora mwenyewe, na sijasahau uso wake. Mtihani wa tatu alipata 80.

Neva zilikuja wiki ya nne, na ndizo zinazowaangusha wengi, kwa sababu hakuna cha kushika mkononi. Hapa tulirudi kwenye ule utando. Ndani ya seli kuna potasiamu nyingi, nje kuna sodiamu nyingi. Pampu iliyo kwenye utando inatoa sodiamu 3 na kuingiza potasiamu 2. Potasiamu huvuja kutoka kirahisi kuliko sodiamu inavyoingia, na inapotoka inaacha ndani kukiwa hasi, kama milivolti hasi 70 kwa neva iliyotulia. Kichocheo kikiisogeza hadi karibu hasi 55, yaani kizingiti chake, milango ya sodiamu inafunguka, sodiamu inaingia kwa kishindo, ndani kunakuwa chanya hadi karibu 30. Milango hiyo inajifunga, ya potasiamu inafunguka, na hali inarudi chini. Kila namba hapo ina sababu. Nilimkataza kuandika namba bila kuandika sababu yake, na nadhani ilikuwa amri bora kuliko zote nilizompa. Aliuchora utando huo kila jioni, kwa siku zote zilizobaki. Mtihani wa nne alipata 84, na mtihani wa pili wa vitendo 88. Kwenye majaribio madogo wastani wake ulikuwa 85.

Mtihani wa mwisho alipata 79, jumla ya kozi ikawa 78.1. Zingekuwa zaidi kama ningemwonya mapema kuhusu zile kadi, na kama wiki ya tano asingeiruka karatasi tupu kwa siku tatu kwa sababu ya uchovu. Jozi 12 za neva za kichwa zilifundishwa siku hizo hizo, na ndizo alizochanganya.

Nilipewa kusahihisha baadhi ya maswali ya maelezo, yake yakiwemo. Swali la mwisho lilihusu jambo ambalo halikufundishwa darasani: figo za mgonjwa zimeshindwa kazi na potasiamu imepanda katika damu yake, nini kitaipata misuli yake, na moyo wake? Jibu linataka kufikiri. Potasiamu ya nje ikiongezeka, tofauti kati ya ndani na nje inapungua, potasiamu ya ndani haivuji kama zamani, ndani kunapungua uhasi na kusogelea kizingiti. Mwanzo seli husisimka kirahisi. Hali ikiendelea, milango ya sodiamu hubaki imejifunga bila kupata nafasi ya kujiandaa upya, misuli inalegea, na mapigo ya moyo yanavurugika.

Alipata 8 kati ya 10. Sehemu ya milango ya sodiamu hakuifikisha mwisho. Lakini juu ya jibu lake, pembeni, kulikuwa na mchoro mdogo. Duara, na neno "utando". Kisha mishale ya potasiamu ikitoka, mmoja ameukata na kuuchora upya mfupi zaidi, na kando yake ameandika: haina haraka ya kutoka tena.